Shemeji na Pleti ya Saba Mara Nane

“Watoto wa nchi nzima watakuwa mbumbumbu kwa sababu yako! Miaka thelathini ijayo madaraja yataanguka, ndege zitakosa pa kutua, na watu wakiuliza chanzo ni nini, wataambiwa ni wewe!”

Huyo ni bosi wetu, saa tatu asubuhi, amesimama katikati ya ukumbi wa kuchapia. Mashine kubwa alikuwa ameizima mwenyewe ili maneno yake yasipotee bure. Mkononi ana karatasi mbichi, wino bado unang'aa, ukurasa wa jedwali la kuzidisha kutoka kijitabu cha hesabu cha watoto. Na anayeambiwa ataangusha madaraja ni Mzee Nukta, msahihishaji wetu, mtu ambaye nzi akianguka kwenye chai yake anamtoa kwa kijiko na kumtafutia mahali pakavu.

“Soma hapa,” bosi akasema. “Saba mara nane ni ngapi?”

Mzee akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso. “Hapa pameandikwa hamsini na nne.”

“Na wewe unasemaje?”

“Mimi nasema hamsini na sita. Na ndivyo nilivyoandika jana. Niliiona ile nne, nikaifuta, nikaweka sita.”

“Ukaweka sita! Halafu ikawaje? Ile sita ikachoka kukaa, ikatoka kwenda kutembea?”

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, sitaficha. Kisha nikamwona mzee anavyoitazama ile karatasi, anaisogeza karibu, anaisogeza mbali, nikaacha kucheka.

“Hii ni mara ya tatu,” bosi akaendelea. “Kadi za mahafali, tarehe siyo. Kipeperushi cha sabuni, namba ya simu siyo, bibi wa watu akapigiwa wiki nzima anaulizwa sabuni. Leo hesabu. Na kila siku wimbo ni ule ule, nilisahihisha, nilisahihisha. Mzee wangu, macho yameisha. Saa kumi nataka barua yako mezani kwangu, ya kuacha kazi kwa hiari. Ukiiandika wewe, tutaagana kwa heshima. Nikiiandika mimi, tutakosana.”

Miaka ishirini na sita mtu amekaa kwenye kiti kimoja! Mzee akaigeukia ngazi, akaanza kupanda kwenda chumbani kwake, mkono ukutani.

Na chini ya hizo hizo ngazi mlango wa kabati ukafunguka, akatoka shemeji yangu, kichwa kimejaa vumbi.

Shemeji huyu ni mdogo wa mke wangu, kwa hiyo nina haki zote za kumtania, na yeye anazo zake za kunirudishia, na anazitumia zaidi kuliko mimi. Kiwandani wanamwita Dada Nyaya. Alianza hapa kwa kukunja karatasi, meza moja nyuma ya mashine yangu ya kukatia. Enzi hizo kompyuta zikigoma alikuwa anaitwa fundi kutoka nje, mtu wa manukato na viatu vya kung'aa. Yule bwana alikuwa hasemi anachofanya hata umuulize kwa magoti. Ila alihitaji mtu wa kumshikia tochi. Shemeji akajitolea kushika tochi. Miaka miwili ameshika tochi, hasemi neno, macho yanafuata vidole vya yule bwana kama paka anavyofuata samaki. Siku moja yule bwana hakutokea na kazi imelala. Shemeji akaingia kabatini peke yake. Baada ya dakika arobaini kompyuta zote zikaamka. Tangu hapo hajakunja karatasi tena, na manukato hatujayasikia tena.

Ana tabia moja inayotuchosha nyumbani na kazini. Mtu akisema jambo, yeye analichukua kama lilivyo. Ukimwambia chumvi imeisha na kumbe ipo, atakwenda kununua chumvi. Kwa hiyo wakati sisi wote tunajadili macho ya mzee, yeye alikuwa na swali lake.

“Shemeji,” akaniambia, “mzee amesema aliweka sita?”

“Amesema. Lakini si unamjua, umri.”

“Sijakuuliza umri. Amesema aliweka sita, basi aliweka. Sasa hiyo sita iko wapi?”

Kwanza nieleze kazi ilivyokuwa inakwenda, maana bila hilo utapotea. Mzee Nukta yuko juu na kompyuta yake. Kazi inakuja kama faili, naye anaifungua, anaisahihisha, anaihifadhi. Lakini faili halikai kwake. Linakaa kwenye seva, ile kompyuta kubwa isiyo na kioo iliyo kabatini chini ya ngazi, inayonguruma kama mtu mnene aliyelala chali. Huku chini, chumba cha nyuma, yuko Fundi Pleti. Yeye analifungua faili hilo hilo kutoka kwenye seva hiyo hiyo, anatoa pleti, yaani yale mabati membamba yanayobeba maandishi mpaka kwenye mashine ya kuchapa. Zamani karatasi ya kwanza ilikuwa inapandishwa juu mzee aione kabla ya kuchapa zote. Bosi akaifuta hiyo safari. Alisema inapoteza muda, na kompyuta haikosei.

Shemeji akalifungua faili la hesabu kwenye seva yenyewe. Nilikuwa nyuma yake, nimeinama, kabati lile halina nafasi ya watu wawili wa ukoo wetu.

Saba mara nane, hamsini na sita.

“Umeona?” akasema, na sauti yake ikapanda. “Umeona, shemeji? Sita iko hapa! Imelala hapa tangu jana mchana!”

“Sasa ile nne imetoka wapi?”

“Ndiyo raha yenyewe!” akasema, akanipiga begani kwa tochi. Mtu mwingine angeogopa. Huyu alikuwa anachekelea kama aliyeletewa zawadi.

Mbio mpaka kwa bosi. Bosi akatazama, akakunja uso. “Amekwenda kuirekebisha sasa hivi,” akasema. “Amepanda juu, ameweka sita, ili nionekane mwongo.”

“Faili linaonyesha saa lilipohifadhiwa. Ni jana.”

“Saa za kompyuta! Hata ya kwangu mezani inasema tuko mwaka jana. Niletee kitu cha kuona kwa macho. Bila hivyo, saa kumi ni saa kumi.”

Tukapanda kwa mzee kumpa habari njema. Tukamkuta anaandika barua. Na kwa kuwa ni yeye, alikuwa ameshaiandika mara moja, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, sasa anaiandika upya.

“Mzee, acha hiyo,” shemeji akamwambia. “Sita ipo. Nimeiona.”

Mzee hakuinua kichwa. “Mwanangu, nashukuru. Lakini ngoja nikwambie. Kaka yangu mkubwa, kabla akili yake haijaondoka, alikuwa anakumbuka vitu. Anakumbuka kwamba amefunga mlango, na mlango uko wazi. Anakumbuka kwamba amekula, na sahani iko kavu. Anakumbuka vizuri kabisa, kwa maelezo yote. Mimi pia nakumbuka kwamba niliweka ile tarehe ya mahafali sawa. Nakumbuka namba ya sabuni. Sasa unaona kwa nini silali?”

Hapo nikaelewa kwamba barua haikuwa shida kubwa ya mzee. Bosi alikuwa anamtaka aache kiti. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaacha kukiamini kichwa chake.

Shemeji akapiga magoti kando ya kiti. “Baba, nipe mpaka saa kumi. Usiandike chochote. Ukishindwa kukaa bure, nisahihishie daftari langu, limejaa makosa.”

Akamwachia daftari. Mzee akalifungua, na ukurasa wa kwanza tu mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kalamu nyekundu.

Kuanzia hapo shemeji alikuwa kimbunga. Akabadilisha waya unaotoka kabatini kwenda chumba cha pleti, mita kumi na tano, akaupitisha juu ya dari na mimi nimeshika ngazi. Kisha akatangaza jaribio. Mzee juu atengeneze faili jipya, aandike neno, ahifadhi. Fundi Pleti chini alifungue, asome kwa sauti. Mimi nisimame katikati ya ngazi nipokezane maneno, kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, Mungu aliponinyima shule alinifidia koo.

“Kiti!” mzee anasema juu.

“Kiti!” nabweka mimi.

“Kiti,” anasoma Fundi Pleti chini.

Kikombe, kikombe. Kofia, kofia. Mara kumi, faili kumi mpya, na mara zote kumi chini kulisomeka kile kile cha juu. Wafungaji wa vitabu wakaacha gundi wakaja kutazama. Kila neno likifika salama wanatikisa vichwa, na nilijua wanachosema bila kusema. Kompyuta nzima. Basi mzee ndiye mbovu.

Saa sita na nusu. Shemeji amekaa kwenye ngazi ya mwisho, anatafuna kifuniko cha kalamu.

“Shemeji,” nikamwambia kwa upole, “umejitahidi.”

“Usinizike, bado napumua,” akasema. “Hebu niambie. Wewe ndiye unayekata kila karatasi humu ndani. Mwezi ule Fundi Pleti alipougua mgongo, akaja yule wa kushikilia, kulikuwa na kosa lolote?”

Nikafikiri. “Hakuna. Mwezi mzima safi.”

Fundi Pleti alikuwa mlangoni kwake, akasikia. Huyu bwana ana mwili mdogo na hasira kubwa. “Ahaa! Sasa imekuwa mimi! Mzee haoni, kosa ni langu! Miaka kumi na nane natoa pleti, leo nafundishwa na mtu niliyemwona anakunja karatasi!”

“Kaka, hakuna anayekulaumu,” shemeji akasema, na ameshasimama, macho yanawaka. “Nakuomba kitu kimoja tu. Fanya kazi moja mbele yangu. Lakini uifanye kama kila siku. Usinionyeshe kazi ya wageni. Kama unajikuna, jikune. Kama unaimba, imba.”

Fundi akakaa, amenuna. Kulikuwa na kazi imeingia dakika hiyo hiyo, kadi za kiwanda cha viatu, mzee hajazigusa bado. Fundi akavuta kiti, akafungua lile faili, akatazama kurasa, akahesabu kwa kidole, akalifunga, akainuka kwenda kutoa mabati rafuni.

“Simama!” Shemeji alipiga ukelele mpaka mfungaji mmoja akadondosha gundi. “Umefanya nini hapo?”

“Nimefanya nini? Nimetoa mabati!”

“Kabla ya mabati!”

“Aa, hapo? Nachungulia tu. Nachungulia kazi ina kurasa ngapi niandae pleti mapema. Mzee akimaliza huko juu, mimi huku niko tayari. Ndiyo maana kiwanda hiki kinakwenda! Yule wa mgongo wangu alikuwa anangoja mpaka aitwe, kama bwana harusi.”

Shemeji alimshika mabega yote mawili. Nikadhani atambusu, nikawaza nitamwambia nini mume wake.

“Unachungulia kila kazi?”

“Kila kazi! Mimi siyo mvivu.”

“Shemeji, kwenye ngazi! Mzee! Mzee, fungua faili jipya! Andika nitakachokwambia!”

Na hapo, jamani, ndipo kiwanda kilipogeuka uwanja wa mpira. Akamwambia mzee aandike: *Shemeji anakoroma.* Sikuulizwa maoni. Mzee akaandika, akahifadhi. Fundi Pleti chini akafungua, akachungulia, akasoma kwa furaha isiyo ya lazima: “Shemeji anakoroma!” Akalifunga.

“Mzee, sasa sahihisha! Andika, shemeji *hakoromi*. Hifadhi!”

“Tayari!” mzee akasema.

“Hakoromi!” nikapaza mimi ngazini, kwa moyo wote, maana ndiyo kweli.

“Kaka, fungua!”

Fundi Pleti anatazama kioo. Anasogea. “Shemeji anakoroma,” akasoma.

“Funga. Fungua tena.”

“Anakoroma bado.”

“Hakoromi!” nikapiga kelele.

“Anakoroma! Imeandikwa hapa, herufi kubwa!”

Ukumbi mzima ukalipuka. Shemeji akanipita mbio ngazi mbili mbili, akaingia kwa mzee, nikamsikia anasoma kwa nguvu kwenye kompyuta ya juu: “Hakoromi!” Akashuka mbio, akapiga magoti kabatini: “Seva, hakoromi!” Akakimbia kwa Fundi Pleti: “Hapa, anakoroma!” Juu hakoromi, kabatini hakoromi, chini anakoroma. Wafungaji wakawa wanaitikia kama timu mbili za mashabiki, na mchapaji wa mashine kubwa, mtu ambaye sijawahi kumwona anacheka, alikuwa ameegemea ukuta anafuta machozi.

“Ile kompyuta yako, kaka, inajiwekea nakala!” shemeji akasema, anahema. “Ulipochungulia mara ya kwanza ilichukua nakala ikaificha kwake. Mara ya pili ukifungua, haiendi kwa seva kuuliza kama kuna jipya. Inakupa ile iliyoificha!”

Mimi nikalielewa hivi. Mlinzi wetu wa getini asubuhi akimwona bosi ameingia, mchana ukimuuliza bosi yupo, anasema yupo, hata shingo haigeuzi. Na bosi ametoka zamani kwa mlango wa nyuma. Mlinzi hasemi uongo. Anakupa habari za asubuhi.

“Na zile faili kumi?” nikauliza.

“Zile zilikuwa mpya! Hakuna aliyezichungulia. Hakukuwa na nakala ya zamani ya kutoa.”

“Na kwa nini vitabu vikubwa havikosewi?”

Hilo alitaka kulipima. Akaweka saa mezani, mbele ya ile *anakoroma*, akamwambia Fundi afungue faili kila dakika tano. Watu wakarudi kazini kwa mwili tu. Kila dakika tano sauti inatoka chumba cha nyuma, “Anakoroma!” na mtu anacheka. Mara ya kumi na moja, anakoroma. Ya kumi na mbili, saa moja kamili tangu achungulie, Fundi Pleti alitoka chumbani mikono juu kama aliyefunga goli.

“Hakoromi! Amepona!”

Saa moja! Basi kila kitu kikakaa mahali pake. Kitabu kikubwa mzee anakaa nacho siku mbili, ile nakala inachakaa, mashine inakwenda kuuliza upya. Lakini kadi, kipeperushi, kijitabu cha kurasa nane, mzee anamaliza kwa nusu saa, mkono wake ni mwepesi. Na Fundi yuko tayari na mabati yake. Yaani kosa lilikuwa linatokea siku ambazo hawa wawili wamefanya kazi kwa bidii kuliko wote. Kama mmoja wao angekuwa mvivu, watoto wangejua saba mara nane.

Tulipanda kwa mzee wote watatu. Alikuwa amefika katikati ya daftari, kurasa zote zina mistari myekundu.

“Baba,” shemeji akasema, “uliandika sita.”

“Niliandika?”

“Uliandika. Na tarehe ya mahafali uliandika sawa. Na namba ya sabuni. Zote ziko kwenye seva, na siku zake na saa zake. Chini walikuwa wanapewa nakala ya kabla hujagusa.”

Mzee akavua miwani, akaiweka mezani, akajishika magoti. “Niliandika sita,” akasema. Kisha tena, polepole, kama mtu anayeonja: “Niliandika sita.” Fundi Pleti, yule wa hasira, akageuka akatazama dirisha. Mzee akaichukua ile barua, hakuichana. Akaikunja vizuri, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Meza ikatulia.

Ingekuwa mimi, ningeishia hapo, nikanunue soda. Lakini shemeji akasema, “Bado sijui kwa nini saa moja. Kompyuta haifanyi hivyo yenyewe. Inatakiwa iulize kila unapofungua faili. Kuna mtu ameiambia isiulize.”

Saa tisa na robo tulikuwa chumba cha pleti, yeye na mimi, Fundi ametoka kuvuta hewa. Akafungua mahali pa mipangilio, kurasa za maandishi madogo kama mchanga. Akawa anashuka mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo. Halafu kidole kikasimama.

“Nini?” nikauliza.

Nikainama nikasoma mwenyewe. Kulikuwa na mstari wa namba, na juu yake maneno ya Kiswahili safi, mtu amejiachia kumbukumbu:

*Nimezima kuuliza kila mara. Iulize mara moja kwa saa. Mtandao ni mzito na huyu Fundi Pleti anapiga kelele kwamba faili hazifunguki. Labda sasa atanyamaza.*

Na tarehe, miezi minane iliyopita.

“Huo ni mwandiko wa nani?” nikauliza. Swali la kijinga, kompyuta haina mwandiko. Lakini nilishajua. Kiwanda kizima ni mtu mmoja tu anayeandika hivyo.

“Waya ulikuwa mbovu wakati ule,” akasema, sauti imeshuka. “Nikasema ni kwa wiki moja. Nikaja nikasahau.” Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye rafu ya mabati. “Miezi minane, shemeji. Mzee halali kwa miezi minane.”

Nilitazama mlangoni. Hakukuwa na mtu. “Sikiliza,” nikamwambia. “Futa hayo maneno. Rudisha inavyotakiwa. Tunamwambia bosi ulikuwa waya, na waya umebadilisha leo, watu wote wamekuona. Mzee amepona, Fundi hana kosa, wewe una kazi. Nani ameumia?”

“Bosi atauliza waya unawezaje kugeuza sita kuwa nne.”

“Bosi! Huyu anayeamini yuko mwaka jana?”

Akacheka kidogo, na kwa muda nikadhani amekubali. Akainuka, vidole kwenye vitufe. Ile mipangilio akairudisha sawa mbele ya macho yangu, iulize kila faili linapofunguliwa. Akaanza kuyafuta maneno, herufi moja moja, kutoka mwisho. *Atanyamaza* likaondoka. *Sasa* likaondoka. Kisha akasimama, akayarudisha.

“Nikisema waya,” akasema, “siku yoyote likitokea kosa jingine, mtu wa kwanza kutazamwa ni yeye tena. Na yeye mwenyewe atajitazama. Lazima ajue ni mtu aliyefanya, na mtu huyo ana jina.”

“Dada yako ataniua mimi.”

“Mwambie hukuwepo.”

Akaichapa ile karatasi ya mipangilio, maneno yote na tarehe yake, akatoka nayo ukumbini. Hakwenda ofisini kwa bosi. Alisimama pale pale katikati, asubuhi aliposimama mzee, akamwomba mchapaji azime mashine. Kimya kilipoingia, bosi akatoka mwenyewe, maana kwake kimya ni kengele ya hatari.

Shemeji akamweleza yote mbele ya watu. Kuchungulia, nakala, saa moja. Bosi alianza kutabasamu alipomwona Fundi akifungua faili na kusoma hakoromi moja kwa moja, akaonekana mtu aliyetua mzigo. Mpaka alipopewa karatasi. Akaisoma. Akaisoma tena, midomo inacheza.

“Hii imeandikwa na nani?”

“Mimi.”

“Wewe!” Akazunguka nusu duara, akitafuta watu wa kushuhudia maafa yake, na tulikuwepo wengi. “Nyumbani kwangu nimefuga nyoka mwenye tochi! Miezi minane nachapa uchawi! Watu wamepigiana simu za sabuni, mahafali yamefanyika kabla ya mitihani, na mchawi nampa mshahara na chai! Nikikufukuza, nani ataingia kwenye lile kabati? Nisipokufukuza, kesho kila mtu hapa ataharibu anachotaka kisha aje na karatasi! Eti? Nikufanye nini? Hebu niambie wewe mwenyewe uliye na akili nyingi, nikufanye nini?”

Kule juu ya ngazi Mzee Nukta alikuwa amesimama, ameshika ukingo. Hakuna aliyemwona akitoka. Shemeji ndiye aliyemwona kwanza, na bosi akafuata macho yake.

“Mimi utaniambia utakachoniambia,” shemeji akasema. “Yeye ulimwambia macho yameisha, hapa hapa.”

Bosi akamtazama mzee. Akamgeukia shemeji tena, huko kulikuwa na nafuu kidogo. “Nimekuuliza swali! Nikufanye nini?”

Lakini shemeji alikuwa ameshachukua bati moja jipya mikononi mwa Fundi Pleti, amelishika kwa ncha za vidole lisichafuke, anakwenda chumba cha nyuma kutoa jedwali la kuzidisha.

“We! Sijamaliza! Nijibu!”

Mlango wa chumba cha pleti ukajifunga nyuma yake.